Kumlisha Sungura Mchanga na Kulinda Utumbo Wake: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Nyumbani Bukavu

Katika masoko ya mji wetu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, watoto wa sungura huuzwa wakiwa wadogo mno, na mara nyingi mzazi hununua mmoja kwa sababu mtoto wake amemng'ang'ania na hataki kuondoka bila huyo mnyama. Nyumbani sungura hupewa karoti, kipande cha mkate, pengine na bugali uliobaki, kwa nia njema kabisa. Siku chache baadaye anajikunyata pembeni, hataki kula, na akifa watu husema ni baridi ya usiku iliyomuua. Mara nyingi kilichomuua ni tumbo. Mwongozo huu umeandikwa ili mzazi na mtoto wake wajue cha kufanya tangu siku ya kununua hadi mnyama anapokomaa, wakifuata vyakula vinavyopatikana kwetu na si vile vya maduka ya mbali.

Hatua ya kwanza: Uelewe utumbo kabla ya kununua chakula

Sungura hawezi kutapika. Kila kinachopita kooni mwake lazima kisafiri njia nzima, na njia hiyo hutegemea kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni nyuzinyuzi za majani zinazousukuma utumbo usisimame. Chakula kikishapita utumbo mwembamba hutenganishwa: nyuzi ndefu huendelea mbele na kutoka zikiwa punje kavu za mviringo, ilhali chembe ndogo hurudishwa nyuma katika mfuko mpana uitwao sekamu, ambamo bakteria huzichachua. Mfuko huo huchukua karibu asilimia 40 ya nafasi yote ya mfumo wa chakula wa mnyama huyu. Kwa maneno mengine, anayemlisha sungura huwalisha kwanza hao bakteria, na wao ndio wanaomlisha sungura.

Kinachotengenezwa ndani ya sekamu hutoka kikiwa choo laini, chenye harufu, kilichoshikamana mfano wa kishada cha zabibu ndogo nyeusi. Sungura huinama na kukila moja kwa moja kutoka mkunduni. Tabia hii huwakera wengi, na nimewahi kusikia mzazi akimwamuru mtoto amchape mnyama ili aache uchafu huo. Asichapwe kamwe. Choo hicho kina protini na vitamini za kundi B ambazo sungura huzihitaji, na akizuiwa kukila hudhoofika.

Sungura mchanga ana hatari yake ya pekee. Mama humnyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, lakini maziwa hayo huzaa tumboni mwa mtoto mafuta yanayowazuia bakteria wabaya kuongezeka. Asidi ya tumbo la mtoto bado ni hafifu, ikipimwa pH (kipimo ambacho namba ndogo humaanisha asidi kali) ya kati ya 5 na 6.5, wakati ile ya sungura mzima hufika 1 hadi 2, ambayo huua karibu kila kijidudu kinachoingia. Mtoto huanza kudonoa majani katika juma la tatu. Anapoachishwa maziwa mapema, kinga ya maziwa huondoka kabla ya asidi kupata nguvu, na katika pengo hilo ndimo magonjwa ya kuhara huingia. Hii ndiyo sababu mtoto wa majuma manne, hata akionekana mchangamfu na anakula vizuri, hajawa tayari kutenganishwa na mama yake.

Hatua ya pili: Chagua mnyama na umhoji muuzaji

Tafuta mtoto mwenye majuma 8. Kama haiwezekani kabisa, basi asipungue majuma 6. Inua mkia wake utazame: manyoya ya chini yawe makavu na safi. Tumbo lisiwe limevimba wala kukaza. Tazama pia ndugu zake waliomo katika kizimba hichohicho, kwa kuwa akiwepo mmoja anayehara, wote wameshakanyaga na kulamba uchafu uleule, na huyo unayemshika mkononi anaweza kuugua baada ya siku chache nyumbani kwako.

Kisha muulize muuzaji swali moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau: amekuwa akila nini? Usikubali jibu la «kila kitu». Sisitiza aonyeshe majani yenyewe, na umwombe akuuzie fungu lake. Fungu hilo la majani ya zamani lina thamani kuliko chakula chochote kipya utakachonunua siku ile.

Hatua ya tatu: Juma la kwanza nyumbani

Safari ya pikipiki ndani ya katoni, mbwa anayebweka, watoto wa jirani wanaotaka kumshika kwa zamu: yote haya hupunguza mwendo wa utumbo, kwa sababu sungura mwenye hofu huacha kula. Mweke mahali patulivu, pakavu, pasipopigwa na upepo unaotoka ziwani usiku, wala palipo chini kabisa ya bati ambapo joto la mchana hupanda. Kwa siku tatu au nne mpe chakula kilekile alichokuwa akila kwa muuzaji, hata kama wewe unacho bora zaidi.

Baada ya hapo anza kubadilisha polepole. Changanya sehemu moja ya chakula kipya na sehemu tatu za kile cha zamani. Baada ya siku mbili tatu, nusu kwa nusu. Kisha sehemu tatu mpya kwa moja ya zamani. Kazi nzima ichukue kati ya siku 7 na 14. Bakteria wa sekamu huhitaji muda huo ili kundi moja lipungue na jingine liongezeke kwa utaratibu, na chakula kinapobadilishwa ghafla, wale wanaotoa sumu, hasa jamii ya Clostridium, hupata nafasi ya kuzaana kupita kiasi. Kama punje za choo zinalainika katikati ya mabadiliko, rudi hatua moja nyuma na usubiri.

Hatua ya nne: Majani ndiyo chakula chenyewe

Asilimia 80 au zaidi ya kila anachokula sungura iwe ni majani ya jamii ya nyasi, na yawepo mbele yake mchana na usiku bila kukoma. Meno yake 28 hayaachi kukua maisha yote. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kwa juma. Kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi kwa kuzungusha taya upande hadi upande. Bugali, mkate na viazi vilivyochemshwa humezwa bila kutafunwa hivyo, kwa hiyo meno hurefuka, huchoma ulimi na shavu, na mnyama huacha kula kwa maumivu ambayo mwenye nyumba hayaoni.

Hapa Bukavu tuna bahati ya mvua nyingi, kuanzia Septemba hadi Mei, na nyasi hazikosekani. Matete machanga yanafaa. Majani marefu yanayopandwa kwenye kingo za mashamba ya Kabare na Walungu ili kuzuia mmomonyoko yanafaa pia, yakikatwa kabla hayajakomaa na kuwa magumu. Tatizo letu liko kwenye mahali pa kuyakata na namna ya kuyaleta. Usikate kando ya barabara yenye magari mengi, wala karibu na mifereji ya maji machafu, wala mahali mbwa wanapojisaidia, kwa kuwa sungura huambukizwa mayai ya minyoo ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mbwa. Usikate chini ya nyanya au maharagwe yaliyopuliziwa dawa. Na majani yaliyolowa mvua yasirundikwe kwenye gunia hadi yapate joto: yakishaanza kuchachuka ndani ya gunia, yataendelea kuchachuka ndani ya tumbo na kulijaza gesi. Yatandaze kwanza yanyauke, maji yakauke, ndipo yatolewe.

Nyasi kavu ndizo salama zaidi kwa mtoto, na kwa kuwa si rahisi kuzipata zikiuzwa mjini, inafaa kila mfugaji ajifunze kuzitengeneza. Kata nyasi kabla hazijatoa maua, asubuhi baada ya umande kukauka. Zitandaze nyembamba juu ya wavu au fito barazani, chini ya paa, mahali upepo unapopita lakini mvua haifiki, na uzigeuze mara mbili kwa siku. Jua kali la moja kwa moja huzikausha haraka lakini huzipotezea rangi na sehemu ya vitamini. Kivuli chenye hewa ni bora. Baada ya siku kadhaa chukua ubua mmoja uupinde: ukivunjika kwa mlio mdogo badala ya kujikunja, zimekuwa tayari. Ziweke kwenye gunia linalopitisha hewa na ulitundike, lisiguse sakafu wala ukuta wenye unyevu. Zinuse kila unapochota. Nyasi nzuri zina harufu tamu na rangi ya kijani iliyofifia. Zenye harufu ya ukungu, vumbi jeusi au madoa meupe zitupwe zote, hata kama ndizo za mwisho ulizobaki nazo. Kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati kiangazi kimekausha vilima, akiba hii ndiyo itakayomwokoa mnyama wako.

Kama unapata lusena, jani la malisho la jamii ya kunde, mpe mtoto huyu katika miezi yake ya kwanza, kwa kuwa ina protini na kalsiamu anazozihitaji akiwa anakua. Akifika miezi 6 au 7 ipunguzwe hadi iishe na nafasi yake ichukuliwe na nyasi za kawaida. Mwili wa sungura hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kuitoa ziada kwa mkojo. Ndiyo sababu mkojo wake huonekana mzito na mweupe, na kwa mnyama mzima ziada hiyo huweza kugeuka mchanga na mawe katika kibofu.

Hatua ya tano: Mboga, punje na vitu vya kukataa

Mtoto aliyekua kando ya mama anayekula majani mabichi huwa ameshayazoea kidogo, maana hula hata punje za choo za mama yake kiotani na kupata humo bakteria wanaofaa. Aliyelelewa kwa chakula kikavu hajayazoea hata kidogo. Ukishindwa kujua ni yupi uliye naye, subiri afike majuma 12 ndipo uanze mboga, aina moja kwa wakati mmoja, jani moja au mawili tu lisilozidi gramu 15 kwa siku, na uangalie choo kwa siku tatu kabla ya kuongeza aina nyingine.

Matembele ni mwanzo mzuri. Majani ya karoti, ambayo wauzaji wa mboga huyakata na kuyatupa, yanafaa kuliko karoti yenyewe. Lengalenga yatolewe mara chache kwa sababu yana oksalati nyingi, kemikali inayoshikamana na kalsiamu. Kabichi huleta gesi kwa watoto wa sungura, na mimi nashauri isiguswe kabisa kabla ya miezi 4. Karoti na tunda ni vitu vya kuonjesha, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole, mara moja au mbili kwa juma, tena baada ya mnyama kukomaa. Najua picha za vitabu vya watoto zinaonyesha sungura na karoti, na ni vigumu kumshawishi mtoto. Lakini sukari ile ndiyo inayovuruga sekamu.

Chakula cha punje kilichotengenezwa kwa ajili ya sungura, kikipatikana, kiwe ni nyongeza: kwa mnyama mzima takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mtoto anaweza kupewa zaidi kidogo wakati anakua. Usimpe chakula cha kuku. Mara nyingi huwa na dawa zilizokusudiwa kuku, na baadhi yake ni sumu kwa sungura. Ukikosa punje, usihangaike. Nyasi bora na mboga chache humtosha. Pumba na dreshi (mabaki ya nafaka) za kiwanda cha bia, ambazo majirani wenye nguruwe watakupatia kwa moyo mwema, zina wanga au unyevu unaochachuka upesi na hazimfai mtoto wa sungura.

Sasa vitu vya hatari, ambavyo vingi viko katika viwanja vyetu. Mparachichi, ambao hapa tunauita avoka, una sumu katika majani, ganda na tunda, nayo hushambulia moyo. Usiweke kizimba chini ya mti huo. Majani na machipukizi ya viazi vya mviringo, majani ya nyanya, vitunguu vya kila aina na maharagwe mabichi yakataliwe. Sombe mbichi, yaani majani ya mhogo, ina sumu ya sianidi. Zipo nyumba zinazowapa sungura wakubwa majani hayo na hawafi papo hapo, lakini kwa mtoto sioni sababu yoyote ya kubahatisha wakati nyasi zipo bure. Uwafunze watoto pia wasimletee maua ya uani wasiyoyajua.

Kama unafuga simbilisi pamoja na sungura, kama familia nyingi za Kivu ya Kusini zinavyofanya, watenganishe. Simbilisi huhitaji vitamini C kutoka kwenye chakula wakati sungura hujitengenezea, na sungura anaweza kubeba bakteria zisizomdhuru yeye lakini zikampa simbilisi ugonjwa wa mapafu.

Hatua ya sita: Maji

Sungura hunywa mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anayekula nyasi kavu huhitaji zaidi. Akikosa maji hupunguza kula, na yaliyomo utumboni hukauka na kukwama. Mpe maji yaleyale ambayo familia inakunywa, yaliyochemshwa na kupoa, katika bakuli zito la udongo lisilopinduka. Siku bomba linapokauka na maji yanahesabiwa kwa bidoni, yeye ahesabiwe pia. Osha bakuli kila asubuhi.

Hatua ya saba: Soma choo kila siku

Huu ndio ujuzi ninaoutilia mkazo kuliko wote. Sungura ni mnyama anayewindwa na huficha ugonjwa wake. Uso hautakwambia kitu, lakini choo hakidanganyi. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, chuchumaa utazame. Chukua punje moja uivunje kati ya vidole. Punje nzuri ni kavu, haina harufu kali, na ndani yake unaona vipande vya nyasi vilivyosagwa, vya rangi ya dhahabu au kahawia. Punje ndogo kupita kawaida, nyeusi na ngumu, humaanisha mnyama anakula kidogo au amepungukiwa na maji. Zilizoungana na kuwa na maumbo yasiyolingana huashiria kwamba utumbo unaenda polepole.

Ukikuta choo laini kimeganda kwenye manyoya chini ya mkia, au kimekanyagwa sakafuni, wakati punje kavu zinaendelea kutoka, huko si kuhara. Ni kwamba mnyama amekula vyakula vyenye nguvu kupita kiasi na ameacha kula choo chake laini. Ondoa mboga, chakula cha punje na vitamu vyote, mwachie nyasi na maji kwa siku kadhaa, na umsafishe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha umkaushe vizuri, kwa maana inzi hutaga mayai penye uchafu huo na funza humla mnyama akiwa hai.

Kuhara kwa kweli ni choo cha majimaji, wakati mwingine chenye ute au damu, bila punje yoyote. Kwa mtoto wa sungura hiyo ni hali ya dharura, na anaweza kufa ndani ya saa chache.

Mpime pia mara moja kwa juma, siku ileile na saa ileile. Mizani ya jikoni inatosha. Mtoto anayekua anapaswa kuongezeka kila juma, na uzito unaposimama, shaka ianze hapo hata kama bado anarukaruka.

Hatua ya nane: Usafi dhidi ya koksidia

Koksidia ni vimelea wa jamii ya Eimeria, nao huwashambulia zaidi watoto wa mwezi 1 hadi 4. Mayai yake hutoka na choo, lakini hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tatu za unyevu na joto ili kukomaa. Hapo ndipo mfugaji anapata nafasi yake. Anayeondoa choo na matandiko yaliyolowa kila siku bila kukosa hukata mzunguko wa vimelea kabla ya kukamilika. Weka nyasi za kula kwenye kihori kilichoinuliwa, zisikanyagwe. Kwa kuwa dawa nyingi za kusafishia haziyaui mayai hayo, mwagia mbao maji yanayochemka na uziache zikauke juani.

Hatua ya tisa: Dalili za kukimbilia msaada

Sungura asiyekula wala kutoa choo kwa saa 12 yuko hatarini, na kwa mtoto usisubiri hata muda huo uishe. Atajikunyata, macho nusu yamefumba, akisaga meno kwa nguvu, tumbo hukaza au kujaa gesi, masikio hupoa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40, na likishuka chini ya hapo hali ni mbaya. Mpashe joto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mwekee nyasi na maji karibu, na umtafute daktari wa mifugo. Usimlazimishe kumeza chochote ikiwa tumbo limevimba na kukaza, kwa kuwa njia inaweza kuwa imeziba. Na usimfungishe njaa ukidhani unalipumzisha tumbo: utumbo wa sungura usiopokea nyuzinyuzi husimama.

Kuna jambo moja la kukatazwa kwa sauti kubwa. Katika kila mtaa wa Bukavu kuna famasi, na katika kila nyumba kuna vidonge vilivyobaki. Amoksisilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, eritromisini, linkomisini na klindamisini huwaua bakteria wazuri wa sekamu na kuwaachia uwanja wale wa sumu, na sungura aliyepewa dawa hizo kwa mdomo anaweza kuhara na kufa siku chache baadaye, wakati mwenye nyumba anadhani ugonjwa wa kwanza ndio uliomshinda. Asipewe antibiotiki yoyote isipokuwa kwa agizo la daktari wa mifugo aliyeambiwa waziwazi kwamba mgonjwa ni sungura.

Unapokwenda kwa daktari huyo, chukua choo kibichi cha siku ileile katika kichupa safi chenye kifuniko, ukikinge na jua, ili kipimwe kwa darubini na koksidia waonekane kama wapo. Mweleze umri wa mnyama, uzito wake wa majuma yaliyopita, saa alipokula na kutoa choo mara ya mwisho, na kila kilichobadilika katika chakula chake kwa majuma mawili, pamoja na kile kipande cha mkate ambacho mtoto alimpa kwa siri.